Vidonge peke yake haviponyi tatizo la haiba

Dada, umeuliza kama kuna kidonge cha kumponya kaka yako tatizo la haiba aina ya bodalaini (borderline), yaani ugonjwa wa akili unaofanya hisia na mahusiano ya mtu kuyumba sana. Hapana, hakuna kidonge kilichoidhinishwa kuliponya, hata Marekani. Dawa husaidia sonona au kukosa usingizi vinavyoambatana nalo; tiba kuu ni ya mazungumzo, kama ile aliyoibuni mwanasaikolojia wa Marekani Marsha Linehan, kila wiki kwa takriban mwaka mzima. Ugumu uko hapo. Mdogo wangu, mwenye tatizo hilohilo, alikuwa akipanda daladala kutoka Boma Ng'ombe hadi Moshi mjini kwa tiba hiyo, wiki ya tano akamkasirikia mshauri, akaacha. Si ukorofi jamani, mara nyingi ni ugonjwa wenyewe. Baada ya miezi miwili alirudi, akapokelewa. Ila kaka yako asikatishe dawa ghafla bila kumwona daktari.