Ukimtafuta mkalimani wa Kifaransa kwa mkutano wa kisayansi Mbeya

Tukipata wageni wa utafiti kutoka Burundi na Kongo hapa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Uyole, hakosi mtu wa kusema: "Si yupo yule bwana wa kilimo anayejua Kifaransa? Mkalimani wa kulipwa wa nini?" Nawaheshimu mabwana hao, lakini kiti cha mkalimani si chao. Mtaalamu hufupisha, huchomeka maoni yake, na akisikia hoja asiyoiafiki hubishana nayo badala ya kuitafsiri. Kusikiliza huku unasema ni ufundi wa kufundishwa. Mimi namchukua mkalimani aliyefundishwa hata kama hajawahi kusikia habari za bakajani chelewa, ule ugonjwa wa viazi, ili mradi anauliza maswali.

Mbeya kwenyewe utawapata wachache, kwa hiyo ulizia Dar, na hasa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofungwa 2015, ilifanya kazi pale kwa Kiingereza na Kifaransa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu bado ipo. Ila mtu aliyekulia kwenye kesi si lazima awe mwepesi kwenye viazi. Ndiyo maana wasifu wake mrefu haunitoshi.

Mpigie simu, umsomee aya mbili za ripoti yako zenye takwimu nyingi, azitoe papo hapo kwa Kifaransa, na mgeni mmoja anayekijua asikilize. Tarakimu ndizo zinazomuumbua mtu. Bilioni ya Kiingereza kwa Kifaransa ni "milliard", na anayesema "billion" ameshaizidisha mara elfu. Tena Wakongo na Warundi husema "septante" na "nonante" kwa 70 na 90, tofauti na Paris, kwa hiyo naye awe amezoea kusikia hivyo.

Slaidi mpelekee wiki moja kabla, hata zikiwa hazijakamilika. Jina Phytophthora infestans, kimelea cha bakajani chelewa, huandikwa vilevile kwa lugha zote mbili, lakini msemaji akilitaja mbio kwa lafudhi yake, mkalimani ambaye hajaliona mahali ataliruka. Watafiti wetu wana tabia ya kumalizia slaidi usiku wa kuamkia mkutano (najua, nami ni wao), basi angalau apewe muhtasari na orodha ya istilahi.

Kwa ukalimani wa papo kwa papo, ajiri wawili wapokezane kila baada ya nusu saa hivi. Mmoja peke yake kutwa nzima atachoka, na sentensi zitaanza kupotea bila ninyi kujua. Mkataba utaje nauli, malazi, malipo mkiahirisha, na kodi ya zuio mnayoikata kwenye malipo yao: asilimia 5 kwa mkaazi, 15 kwa asiye mkaazi. Waingie Mbeya siku moja kabla, maana ndege za uwanja wetu wa Songwe na ukungu wetu hazipatani.

Halafu kuna siku ya shambani. Mkulima wa Umalila ataeleza kwa Kiswahili, na kuna watu hupitisha maneno yake kwenye Kiingereza kwanza ndipo yafike Kifaransa. Kazi mara mbili! Tafuta anayetoka Kiswahili moja kwa moja. Na kabla hujalipa, waulize wageni: wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura wengi wanasikia Kiswahili, na huenda kule shambani hawahitaji mkalimani kabisa.