Obijekti au Fanksheni kwa Hesabu za Ghala?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika kwa lugha ya C programu ya kutunza hesabu za ghala la mkonge hapa Tanga, nayo imejengwa kwa fanksheni tupu, yaani vipande vya maagizo, kila kimoja na kazi yake. Wenzangu wananihimiza niiandike upya kwa mtindo wa obijekti, yaani vifungu vinavyobeba data na kazi zake pamoja. Je, ni lazima? – Msomaji, Ngamiani.

JIBU: Ndugu msomaji, si lazima. Hata kiini cha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kilichoanza mwaka 1991, kimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha hiyo hiyo ya C. Ikiwa kila robota hupokelewa, hupimwa na kutolewa kwa utaratibu uleule, fanksheni zinatosha, tena husomeka kwa urahisi. Mambo hubadilika pale aina za mzigo zinapoongezeka, kila moja na kanuni zake za malipo, kwani utajikuta ukirudia masharti yaleyale katika kila fanksheni, na ukisahau mahali pamoja tu, hesabu zitapotoka. Obijekti huziweka data pamoja na kanuni zake. Wazo hilo lilianzia Norwei miaka ya 1960, katika lugha ya Simula ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, iliyokusudiwa kuiga mifumo halisi. Kwa sasa, ninakusihi ukusanye katika faili moja fanksheni zote zinazogusa robota, usiruhusu sehemu nyingine ya programu kubadilisha data hizo moja kwa moja, kisha uendelee na kazi yako.