Mzazi unaepeleka mtoto JKT, akilia wiki ya pili usitume nauli

Wiki iliyopita nilikua stendi ya Nyegezi, Mwanza, napakia mzigo wa dagaa kwenye basi la Dodoma, nikaona familia nzima imemzunguka kijana wa form six anaenda kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Mama, mashangazi wawili, bibi kakalishwa kwenye kiti cha plastiki. Begi la matairi, na walipolifungua kutafuta kitambulisho nikaona pasi ya umeme, duveti na ndoo ya dagaa wa kukaanga. Yote hayo sawa, ila mama akamwambia "ukiona pamekushinda we niambie tu, ntafanya mpango urudi". Hapo moyo ukanipasuka, maana hilo neno nililisema mimi, Nyegezi hiyohiyo, mwaka 2018.

Wazazi wenzangu wa mujibu wa sheria, yaani haya mafunzo ya JKT ya waliomaliza form six, najua kwanini tunakosea. Mpango huu ulisimamishwa 1994 ukarudi 2013, kwa hiyo wengi tuliomaliza shule hapo katikati hatujawahi kuwa makuruta na hatujui kinachoendelea kule. Kaka yangu alipita miaka ya themanini, enzi ilikua mwaka mzima sio miezi mitatu, na aliponishauri nilimwona hana huruma na mtoto. Sasa sikilizeni.

1. Tangazo lisome wewe mwenyewe mpaka mwisho. Wakisema bukta ya bluu iliyokoza, mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, basi ni hiyo, usimnunulie nyingine kwa sababu imekupendeza dukani.

2. Raba anunuliwe mapema azivae nyumbani, akimbie nazo hata kupanda mlima kwenda dukani wiki mbili nzima, sio zinatoka kwenye boksi zinaingia kwenye mchakamchaka.

3. Vyeti vya kuombea chuo aende navyo, na nauli ya kurudi aifiche asiiguse.

4. Simu ya wiki ya pili. Hapa naomba mnisome taratibu.

Kijana wangu alipiga jumapili jioni kwa simu ya kuazima, mimi niko Mwaloni Kirumba nashona magunia. Akasema mama siwezi. Nikamuuliza nini baba, akasema miguu, usingizi, afande mmoja kamkamia yeye tu, uji hauna sukari, lindo usiku baridi, vyote kwa pumzi moja alafu akaanza kulia. Mtoto wa miaka 19, mara ya mwisho namsikia analia alikua darasa la nne. Sikuuliza swali la pili. Sikumuuliza kama ameenda zahanati ya kambi, sikumuuliza wenzake wakoje, sikumpigia hata kaka yangu. Nikamwambia nitafutie namba ya wakala hapo nje ya geti, nikatuma elfu arobaini na tano ambayo ilikua ya mteja, na usiku ule nikalala vizuri kabisa nikijiona mama wa kweli.

Alifika jumanne usiku. Nikachinja kuku. Alikua na malengelenge mawili, kila kisigino moja, na yalikua yameshaanza kukauka. Basi, hayo tu. Asubuhi saa kumi na moja kasoro nasikia kitasa, naenda chumbani kwake nakuta kitanda kimetandikwa shuka imenyooka kama ubao, kona zimekunjwa sawasawa, raba mvunguni zimepangwa jozi kwa jozi, na yeye kasimama katikati ya chumba kashavaa, hana pa kwenda. Kumbe mwili ulishaanza kuzoea! Siku kumi na mbili alishazimeza, zile ngumu kuliko zote, mimi nikamtoa wakati anaanza kupata nafuu. Alichotaka siku ile ni mtu wa kumlilia, mimi nikamtumia nauli.

Septemba wenzake wakarudi, weusi, wamekakamaa, sauti zimekauka kwa nyimbo za mchakamchaka, wanaitana kwa jina la operesheni yao, yaani kundi lao la mwaka ule, na kusimuliana ya hangani, kule bwenini kwao. Yeye alikua akitoka kijiweni mapema. Miaka miwili baadae likatoka tangazo la ajira la chombo kimoja cha ulinzi, umri anao, elimu anayo, urefu anao, sharti moja tu, awe na cheti cha JKT. Akanisomea mwenyewe kwenye simu pale jikoni kwetu Mkolani, akafika kwenye hilo sharti akanyamaza. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Nilimwomba msamaha palepale na machozi yananitoka, akaniinua akasema mama mbona mimi ndo niliepiga simu.

Mdogo wake alienda 2023, wa kike. Wiki ya pili, jumapili, simu hiyo, mama siwezi. Nikakaa juu ya gunia nikamwambia lia mwanangu, nipo. Akalia dakika kama nne mimi nasikiliza tu. Alafu nikamuuliza umekula nini leo, kitanda cha juu yako analala nani, kwao wapi. Akasema analala binti wa Newala, hajawahi kuona dagaa wa ziwani anasema ni wadogo kama sindano, akacheka. Nikamwambia nipigie jumapili ijayo unipe habari zake. Jumapili hiyo hakupiga, alikua na shughuli zake, ila mimi ndo sikulala.

5. Kuumwa ni habari nyingine kabisa, msichanganye. Mwenye pumu, selimundu au aliyefanyiwa upasuaji aseme siku ya kwanza ya kuripoti na aende na karatasi za hospitali, asifiche kwa kuogopa kurudishwa. Wenye ulemavu unaoonekana huwa wanaelekezwa kambi ya Ruvu kule Pwani. Na akikwambia anaumwa muulize kwanza ameripoti kwa nani, amepewa dawa gani, usiporidhika nenda getini mwenyewe uongee na uongozi. Mgonjwa anatoka kwa ruhusa, hatoroki.

6. Msiba wa nyumbani upitishe kwenye uongozi wa kambi, usimrushie mtoto meseji kwenye simu ya mtu.

7. Dagaa acheni. Nawauza mimi na nasema acheni. Ndoo nzima hangani inaisha usiku mmoja, anabaki na harufu.

Yule mama wa Nyegezi nilimfuata basi lilipoondoka, nikamshika mkono nikamweleza haya yote tumesimama pale kwenye magunia. Pasi alikua ameshaitoa, duveti limeenda. Tukabadilishana namba. Leo ni siku ya tisa na mwanae bado hajapiga. Nimemwambia akipiga, kabla hujagusa menyu ya kutuma hela, nipigie mimi kwanza, hata iwe saa nane usiku.