Maswali ya Wasomaji: Kufungua Mabano

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko kidato cha pili. Shule ya msingi alifundishwa MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, kisha Toa, na hesabu alikuwa akizipata vizuri. Siku hizi akikutana na 5(x + 4) anaandika 5x + 4, na (x + 3)² anaandika x² + 9. Kazi yangu ni kununua viazi mashambani na kuviuza mjini, na shule niliiacha zamani. Nimsaidieje? – Mama wa Uyole, Mbeya.

JIBU: Marahaba, mama. MAGAZIJUTO inamwagiza aanze na mabano, lakini ndani ya mabano hayo mna x na 4, ambazo haziwezi kujumlishwa zikawa namba moja mpaka thamani ya x ijulikane. Kwa kuwa hawezi kuyamaliza mabano, inambidi ayafungue, na kuyafungua ni kukizidisha kilicho nje kwa kila kilichomo ndani, bila kuacha hata kimoja.

Mwonyeshe kwa biashara yako mwenyewe. Tuseme umenunua magunia matano ya viazi, kila gunia kwa shilingi x, na dereva anakutoza shilingi 4,000 za usafiri kwa kila gunia. Gunia moja likifika mjini limekugharimu x + 4,000, na yote matano ni 5(x + 4,000), yaani 5x + 20,000. Anayeandika 5x + 4,000 amelipia usafiri wa gunia moja tu, na manne yaliyobaki yanamdai. Mwambie aiandike hesabu hiyo gunia kwa gunia, x + 4,000 mara tano, kisha akusanye x zote pamoja na gharama zote za usafiri pamoja. Kwa maoni yangu zoezi hilo linamfaa kuliko kukariri kanuni, kwa sababu ataona kwa macho yake ile 20,000 inatoka wapi.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwani hata wanafunzi wazuri hulirudia. (x + 3)² ni (x + 3)(x + 3). Achore mraba wenye upande wa x, kisha auongezee 3 kwa urefu na 3 kwa upana. Umbo jipya litakuwa na vipande vinne: mraba wa awali wenye eneo la x², mistatili miwili yenye eneo la 3x kila mmoja, na mraba mdogo wa pembeni wenye eneo la 9. Jumla yake ni x² + 6x + 9, na aliyeandika x² + 9 ameiacha mistatili yote miwili. Euclid, mtaalamu wa jiometri aliyeishi takribani mwaka 300 kabla ya Kristo, alilithibitisha jambo hili kwa mchoro wa namna hiyohiyo.

Tena mzoeze kujikagua kwa kuweka namba mahali pa x. Asitumie 0, maana kwa 0 jibu sahihi na jibu la makosa yote hutoa 9, na kosa likajificha. Akiweka 5, (x + 3)² inakuwa 64, ilhali x² + 9 inakuwa 34. Pengo ni 30, ambayo ndiyo 6x iliyosahaulika.

SWALI: Kwa nini 20 − 2(x − 3) inakuwa 26 − 2x, wakati ndani ya mabano mlikuwa na kutoa? – Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, Mafinga, Iringa.

JIBU: Kijana wangu, anza na namba tupu. 20 − (8 − 3) ni 20 − 5, yaani 15. Ukiandika 20 − 8 − 3 unapata 9, kwa sababu umetoa 8 nzima na kuongeza kutoa 3, ilhali uliagizwa utoe 8 iliyokwisha kupunguzwa 3. Ukishatoa 8 nzima umepitiliza kwa 3, basi zirudishe: 20 − 8 + 3 ni 15. Katika swali lako kinachotolewa ni 2x iliyopunguzwa 6, kwa hiyo ukitoa 2x nzima, 6 lazima irudi. Zidisha kila kilichomo ndani kwa −2, si kwa 2, wala usianze kwa kufanya 20 − 2 ikawa 18, kwani kuzidisha hutangulia kutoa.