Barua kwa mwanangu: krediti za posho na jina la Zuhura

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama inafaa kuhamisha krediti za bima ya taifa, zile zinazohesabiwa kwenye pensheni na zinazofuatana na posho ya watoto, kutoka jina lako kwenda jina la mkeo Zuhura, au kama ni karatasi nyingi kwa faida ndogo. Nitakujibu, ila kwanza nina langu: kwa nini jina la Zuhura halipo kwenye dai mpaka leo?

Najua lilivyoanza. Zuhura alikuja Uingereza 2018 kwa viza ya mke, na viza ile inakataza mafao ya umma, nayo posho ya watoto imo. Nasri alipozaliwa Machi 2019, kuandika dai kwa jina lako kulikuwa sahihi kabisa. Lakini ukaazi wa kudumu aliupata 2023. Tangu siku ile sababu iliisha, na dai likabaki palepale. Kulea ni kazi, na kazi huandikwa kwa jina la aliyeifanya.

Sasa hesabu. Anayedai posho kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka 12 hupewa krediti ya kila wiki bila kuiomba, na wiki zikijaa mwaka wa kodi, kutoka Aprili 6 mpaka Aprili 5, mwaka ule unahesabiwa kwenye pensheni ya serikali. Wewe huzihitaji, mshahara wako unaujaza mwaka peke yake. Krediti zako zinamwagika chini. Zuhura rekodi yake imeanza baada ya 2016, kwa hiyo kwake kanuni ni nyepesi: miaka 35 kwa pensheni kamili, na ikiwa chini ya 10 hapati hata senti. Kwa mwaka wa kodi 2025/26, pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Gawa kwa 35: kila mwaka una thamani ya pauni 6.58 kwa wiki, maisha yake yote ya uzeeni. Kuanzia 2019/20 mpaka 2024/25 ni miaka sita. Hiyo ni zaidi ya pauni 2,000 kwa mwaka kwa viwango vya 2025/26. Mwaka mmoja kuununua kwa michango ya hiari, kwa bei ya 2025/26, ilikuwa pauni 17.75 mara wiki 52, yaani pauni 923. Huu wa kuhamisha ni bure.

Utasema Zuhura anafanya kazi. Anafanya, jikoni mwa chekechea, na Jumamosi dukani. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwajiri mmoja akikulipa chini ya kiwango, ambacho 2025/26 kilikuwa pauni 125 kwa wiki, wiki ile haiingii kwenye rekodi, na kazi mbili za pauni 90 haziunganishwi zikawa 180. Mtu anachoka kwa waajiri wawili na rekodi inabaki nyeupe.

Unamkumbuka Mzee Athmani, mume wa shangazi yako Mwanaisha. Posho ya wale wanawe wawili ilikuwa kwa jina lake, kwa sababu akaunti ya benki ilikuwa yake. Shangazi alipofika umri wa pensheni alikuwa na miaka minane tu. Kwa watoto wa kabla ya Aprili 2010 kulikuwa na kinga ya malezi, nayo ilihesabiwa mpaka mtoto afike miaka 16, si 12, na mume aliyedai posho anaweza kumhamishia mkewe miaka ile. Fomu ikaletwa, ikahitaji sahihi ya mzee. Akakataa. Aliamini kila mwaka atakaompa mkewe unakatwa kwenye pensheni yake mwenyewe. Fomu ikalala kwenye droo miezi 14, na shangazi akawa anaomba nauli ya basi. Mpaka alipofunguliwa rekodi yake akaona pensheni yake imejazwa na mshahara wake, na miaka ile ya malezi haikumwongezea kitu. Akasaini palepale, bila neno. Mzee Athmani simhukumu. Nimeandika neno moja hapa kisha nimelifuta, kwa sababu mtu aliyeogopa njaa ya uzeeni si sawa na mtu mbaya. Lakini miezi 14, Salim.

Basi fanyeni hivi. Kila mmoja afungue akaunti yake kwenye tovuti ya GOV.UK au programu ya HMRC, mamlaka ya kodi, atazame rekodi ya bima ya taifa mwaka kwa mwaka. Miaka ambayo kwako imejaa kwa mshahara na kwa Zuhura haikujaa, hiyo ndiyo ya kuhamisha. Mwaka ambao wewe mwenyewe hukuujaza kwa mshahara hauhamishiki. Fomu inaitwa CF411A. Andikeni namba za bima za wote wawili, namba ya posho inayoanza na CHB, na miaka ya kodi kwa mtindo wa 2019/20. Ukiandika 2019 peke yake hawajui unataka mwaka upi. Jina la Zuhura liwe lile lililo kwenye rekodi yake ya bima. Kama pale bado ni jina la baba yake, lirekebishwe kwanza. Wekeni sahihi wote wawili, na mbaki na nakala.

Hiyo ni ya nyuma. Ya mbele msihamishe kila mwaka kama watu wanaochota maji kwa kikombe. Dai liwe la Zuhura moja kwa moja, wewe uachie lako. Mdogo alizaliwa 2022, kwa hiyo krediti zitaendelea mpaka 2034.

Na hilo la kulifunga dai kabisa kwa sababu mshahara wako umefika pauni 64,000, tafadhali usilifanye. Tozo ya kurudisha posho huanza mshahara ukipita pauni 60,000, asilimia moja kwa kila pauni 200 za juu, na posho yote huliwa ukifika 80,000. Wewe unarudisha asilimia 20. Kwa watoto wawili posho ya 2025/26 ilikuwa pauni 43.30 kwa wiki, kwa hiyo ni kama pauni 450 kwa mwaka, na nyingine zinabaki nyumbani. Tozo inamfuata mwenye kipato kikubwa, dai liwe kwa jina la nani. Hata siku ukivuka 80,000, simamisha malipo tu, dai liache hai, maana krediti zinalifuata dai, hazifuati pesa.

Najiuliza kama naingilia nyumba yenu. Pengine Zuhura ameshakwambia na mkakubaliana msubiri, na hapo sina la kusema. Ila kama hajaambiwa, huo si uamuzi wenu wawili, ni wako. Kulea ni kazi, na kazi huandikwa kwa jina la aliyeifanya.

Jumapili njooni na namba ya CHB na rekodi zenu zote mbili. Fomu ninayo. Mkaza mwanangu mwambie aisome yeye kwanza, kabla hujaishika wewe.

Mama yako