Maswali na Majibu: Ngozi Haipimi, Hulinganisha

Mbona nikivaa saa asubuhi naihisi, lakini baada ya dakika chache siihisi tena?

Kwa sababu vipokezi vingi vya hisi, yaani sehemu za mwili zinazopokea hisi, kazi yake si kupima hali, ni kugundua badiliko. Mkanda ukibana ngozi, utando wa ncha ya neva hutanuka, milango ya ioni (chembe zenye chaji ya umeme) hufunguka na sodiamu huingia. Chaji ikifika kiwango chake, neva hufyatua mpigo kwenda uti wa mgongo hadi ubongoni. Kipokezi cha Pacini, aina moja ya vipokezi vya ngozi, kimezungukwa na matabaka kama kitunguu. Matabaka yakishateleza na kusawazisha mgandamizo, neva iliyo ndani hunyamaza ingawa mkanda haujalegea. Ukivua saa, huamka tena. Vipokezi vya Merkel, aina nyingine ya vipokezi vya ngozi, huendelea kutuma habari kwa kasi ndogo, lakini ubongo huacha kuijali.

Ncha ya ulimi huonja utamu, pembeni uchachu, sivyo?

Sivyo, na swali hili limeshatosha. Kila sehemu ya ulimi yenye vionjio hutambua ladha zote tano. Ile ramani ya ulimi inayogawa ladha kwa sehemu ifutwe vitabuni.

Pilipili haina moto. Kwa nini inaunguza?

Kapsaisini hufungua mlango uleule wa neva, TRPV1, ambao joto la takriban nyuzi 43 za Selsiasi huufungua. Kwa ubongo, habari ni ile ile: unaungua. Mwanasayansi David Julius na wenzake waliutambua mlango huo mwaka 1997. Mwaka 2021 yeye na mwanasayansi mwingine, Ardem Patapoutian, wakapata Tuzo ya Nobel. Maji hayasaidii, kapsaisini haiyeyuki humo. Kunywa maziwa.

Namwogesha mtoto mchanga. Nikitia mkono nikaona maji ni vuguvugu, inatosha?

Haitoshi. Mkono uliotoka kwenye maji baridi utakuambia vuguvugu ni moto. Uliotoka kwenye maji moto utakuambia ni baridi. Koroga maji, kisha tumia kipimajoto: nyuzi 37 hadi 38. Ukikikosa, tumia kiwiko, si kiganja.

Baba ana kisukari. Miguu ilikuwa ikimwaka moto usiku, sasa imetulia bila dawa. Amepona?

Msishangilie. Vipokezi vya maumivu havizoei upesi kama vya mguso. Mara nyingi jeraha likidumu huzidi kuwa vikali. Maumivu ya neva yakitoweka yenyewe, huenda nyuzi za neva zimekufa. Mpelekeni kliniki apimwe kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10: unabonyezwa nyayoni akiwa amefumba macho, naye anasema kama ameuhisi. Asipouhisi, anaweza kukanyaga msumari asijue. Kila siku mkagueni nyayo na katikati ya vidole, kung'uteni viatu kabla hajavivaa. Asitembee peku, asiloweke miguu kwenye maji moto. Na acheni kabisa kusema "haimuumi, tusubiri". Kidonda cha mguu kisichouma, kwa mwenye kisukari, kinapelekwa hospitali siku hiyohiyo.