Talaka ya karatasi, watoto wawili na mikorosho: pa kuanzia

Mleta mada ameuliza hivi: aliolewa Masasi kwa ndoa ya Kiislamu, mume kamwandikia talaka, naye karudi kwao Newala na mtoto wa miaka minne. Wa miaka tisa kabaki kwa baba. Baba anasema watoto ni wake na mikorosho ni yake. Aanzie wapi?

Dada, karatasi hiyo itunze, ila ujue kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 wewe bado ni mke wa mtu mpaka mahakama itamke vinginevyo. Tena mpangilio una maana. Kwa ndoa ya Kiislamu, baraza la usuluhishi wa ndoa (hupitiwa kabla ya mahakama) likishathibitisha kuwa limeshindwa, na mume akatoa talaka baada ya hapo, mahakama inakubali kwamba ndoa imevunjika. Ya kwako imetangulia baraza. Jiandae basi kuthibitisha kwa mambo mengine: kutelekezwa, kipigo, kunyimwa matunzo, kutengana.

Baraza ndipo kesi nyingi hufia. Mwanamke akirudi kwao huenda kata ya kwao, wakati baraza lenye mamlaka ni la kata anakoishi mume, au baraza la jumuiya yenu lililotambuliwa kisheria, kama la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania). Kwa hiyo nauli ya Masasi haikwepeki. Wakili haruhusiwi kukuwakilisha pale, usipoteze hela. Mume akipuuza wito, hifadhi nakala za wito na jina la aliyeupeleka. Kukaidi wito kwa makusudi ni moja ya sababu zinazokuruhusu kwenda mahakamani bila usuluhishi kukamilika.

Mkishindwana, usiondoke na barua ya "tunawaleta kwenu kwa hatua zaidi". Hiyo si cheti, na shauri linaweza kutupwa kwa ajili yake hata kwenye rufaa, mmeshachoka wote. Unachodai ni cheti chenyewe, yaani Fomu Namba 3, yenye maneno yanayosema wazi kuwa baraza limeshindwa kuwasuluhisha, tarehe, saini na mhuri. Soma majina yako herufi kwa herufi kabla hujatoka mlangoni. Kisha fungua shauri ndani ya miezi sita tangu cheti kilipotolewa. Mahakama ya Mwanzo inatosha kabisa. (Ndoa isiyotimiza miaka miwili huhitaji kibali cha mahakama kwanza.)

Watoto sasa. Sheria huanza na masilahi ya mtoto. Aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, ila baba anaweza kuleta ushahidi wa kupinga. Wa miaka tisa anaweza kuulizwa mwenyewe anataka nini. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, wajomba watasema mtoto ni wa ukoo wa mama na hakuna mjadala. Mila huangaliwa, lakini nyuma ya masilahi ya mtoto, kwa hiyo usiifanye hoja yako kuu. Hakimu anataka kujua mtoto analala wapi, anasoma wapi, nani yuko naye ukiwa shamba. Na usiende kumchukua mkubwa shuleni kimyakimya: kumyumbisha mtoto huku na kule ni jambo ambalo sheria yenyewe inaitaka mahakama ilitazame.

Omba amri itaje likizo kwa majina, hasa ya Desemba. Ndiyo miezi ya jando na unyago, na ugomvi wa nani alimpeleka mtoto bila kumwambia mwenzake huanzia hapo.

Matunzo hayasubiri talaka. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako na vyeti vya kuzaliwa. Baba ataitwa, mkielewana mtaandikiana. Akigoma, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuruhusu kuomba mahakamani matunzo tu, bila shauri la talaka. Baba anawajibika hata kama mtoto hakai naye. Wakulima wengi hujitetea kwamba hawana mshahara, basi peleka picha ya mwaka mzima: kilo alizouza kupitia AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima), malipo yaliyoingia benki baada ya minada. Pendekeza kiasi kidogo cha kila mwezi, na ada na sare zilipwe msimu wa korosho. Amri ya namna hiyo inalipika.

Shamba: mali iliyochumwa pamoja hugawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, na tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983 kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango. Hata shamba alilokuwa nalo kabla ya ndoa linaingia kama mmeliendeleza kwa kiasi kikubwa pamoja. Orodhesha: mikorosho mingapi mlipanda, mwaka gani, nani alipulizia salfa, nani aliokota na kuanika korosho. Majirani wa mpakani ndio mashahidi, kuliko ndugu zako. Stakabadhi za AMCOS na usajili wa mkulima vinapatikana, ila viombe mapema kabla msimu haujaanza, maana Oktoba ikiingia karani hana muda na mtu.